Elfu moja! Mkate wangu wa kumimina nilipwe elfu moja na kuambiwa "chenji kaa nayo"!

Bi Kizingiti:

Naandika mikono inatetemeka, kwa hiyo msinidai nukta wala aya. Mnamjua. Simtaji, wala sina haja ya kumtaja. Yule bwana anayesimamia ile nyumba ya kona, anayevaa miwani ya jua ndani ya kichochoro ambacho jua lenyewe halijawahi kufika chini. Huyo huyo.

Elfu moja, jamani. Kanipa elfu moja.

Ile nyumba imefungwa miaka na miaka, popo wamezaa, wameoza mabinti zao humo humo. Sasa ghafla mlango wazi, toroli zinatoka na kifusi, zinaingia na vigae. Ni mkahawa, hilo kila mtu keshajua. Wa nini ndiyo hakuna anayejua, na mtaa mzima haulali. Asubuhi barazani ni Mtaliano, pizza za kuni. Adhuhuri keshakuwa Mturuki wa shawarma. Ikifika Laasiri ni sushi, samaki mbichi, na mzee mmoja kauliza samaki mbichi wa kulipia wa nini, wakati paka wa soko la Darajani wanao bure. Jirani wa juu yeye anaapa wataweka picha ya Freddie Mercury, yule mwimbaji, mlangoni, maana kila anayefungua kitu mjini lazima ambandike. Maskini ya Mungu, kazaliwa hapa Mji Mkongwe 1946, wazee wake wakamchukua wakenda naye Uingereza 1964, na mpaka leo anafanyishwa kazi ya kuita wateja bila mshahara. Wazee wa baraza la Jaws Corner nao wameshafunga kesi: ni baa. Ushahidi wao ni majokofu mawili ya vioo yaliyopita kwenye mkokoteni.

Mie nikasema, enyi watu, si tukamuulize mwenyewe? Jirani ni jirani. Mtu akihamia anabishiwa hodi na kitu mkononi. Basi nikaroweka mchele tangu Magharibi. Nazi nimekuna mwenyewe. Iliki nimetwanga kwenye kinu, si ya paketi. Ule unga umeumuka mpaka unataka kutoka kwenye bakuli uende wenyewe. Makaa chini, makaa juu. Mkate umetoka rangi ya asali, ule ukingo umekauka kidogo, ule ambao watoto hupigania. Nikauweka kwenye sahani ya maua, ya kabatini, ambayo hata mawifi zangu hawajawahi kupakuliwa nayo. Nikavaa buibui, nikenda.

Hodi, kimya. Hodi, kimya. Fundi mmoja kanyanyua kichwa, kamwita bosi. Bosi katoka simu sikioni. Kaitazama sahani, kanitazama mie, kaitazama tena sahani. Akaichukua, akaupindua mkate wangu wote juu ya KIFUNIKO CHA NDOO YA RANGI, kikiwa bado na rangi nyeupe pembeni. Akatia mkono mfukoni. Akatoa noti ya elfu, akailaza juu ya sahani tupu, akanirudishia:

"Chenji kaa nayo, bibi."

Chenji ipi? Nani kakwambia mkate una bei mpaka uwe na chenji? Sahani ya jirani hurudi na kitu, hata ndimu mbili, hata chumvi, hata neno zuri. Yangu imerudi na elfu. Na elfu yenyewe si elfu ya maana, imeshapita mikononi mwa makonda wote wa Fuoni, imelegea kama kitambaa cha jikoni. Elfu siku hizi ukimpa muuza nazi anakutazama tu.

Halafu BIBI. Mie? Mwanangu wa mwisho yuko darasa la nne.

Nikajikaza nikamuuliza, kwani hapa mtauza nini? Kanijibu huku kashanipa mgongo: "Vitu vya wageni." Mlango, pwa.

Juu ya kifuniko cha rangi, wallahi. Chenji kaa nayo.

Mwana wa Darajani:

Uzi bila picha ya mkate ni umbea.

Kahawa Chungu:

Mtu kapewa elfu bila kuomba, kaja kulia hapa. Sie tunaomba na hatupewi. Hiyo elfu iko wapi saa hizi?

Bi Kizingiti:

Elfu ni ushahidi. Msinibadilishie mada.

Kahawa Chungu:

Ushahidi ushakuwa vocha huo, ndio maana upo hewani unatupigia kelele.

Shoga Lulu:

Pole shoga'ngu, nimesoma mpaka roho imeniuma. Hao wote ndivyo walivyo. Ramadhani iliyopita kulifunguliwa kimkahawa nyuma ya kwetu, pazia mlangoni mchana kutwa, nikasema nao binaadamu, niwapelekee sambusa wakati wa futari. Yule msichana wa kaunta kaishika sambusa kwa ncha za vidole, kaniuliza ndani yake mna ngano? Sambusa! Nikamwambia hapana mama, nimefunga kwa karatasi ya skuli.

Pilipili ya Shamba:

Karatasi ya skuli 😂😂😂 nimemwagikiwa na chai

Mjomba Ngalawa:

Sasa kwani kijana wa watu kakosea nini? Pale mlangoni kila saa anapita muuza kashata, muuza bajia, muuza mashati, muuza viungo. Kaona mtu na sahani kajua ni biashara, kalipa. Wengine wangekufukuza. Mnapenda kujitafutia kuonewa tu.

Bi Kizingiti:

Mjomba, muuza kashata gani anayebisha hodi kwa sahani ya maua?? Na juu ya KIFUNIKO CHA RANGI? Au nyumba ni ya kwenu mmemkodisha?

Mjomba Ngalawa:

Nyumba si ya kwetu. Ingekuwa ya kwetu nisingekuwa hapa nabishana juu ya mkate.

Mwana wa Darajani:

Hajakataa kuwa ni ya shemeji yake. Someni vizuri.

Fundi Chokaa:

Acheni mkate kidogo, kuna jambo hapa hamlioni. Nimepita pale juzi, nimeona mifuko ya saruji imepangwa mpaka ngazini. Zile nyumba ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyenu vyembamba, chumba hakiwezi kuzidi urefu wa boriti. Ukuta wa chokaa unapumua, maji yakiingia yanatoka. Ukishaukandika saruji umeufunga mdomo, unyevu unabaki ndani, lipu inabanduka kila masika, na boriti zinaoza pale pale kwenye ncha zilizozama ukutani, ambapo jicho halifiki. Mwenye nyumba anapaka rangi juu anaona kapendeza. Beit el Ajaib, lile jumba la sultani pale Forodhani, iliporomoka upande Disemba 2020 na watu wakafa, nalo lilikuwa jumba la kutunzwa. Sasa hii ya kona wanabomoa ukuta wa ndani ili wapate ukumbi mpana wa meza. Mji Mkongwe upo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, kubadilisha dirisha tu unatakiwa kibali. Bi Kizingiti wewe unaishi mkabala, ukuta mnashirikiana au mmeachana?

Bi Kizingiti:

Kichochoro kiko baina yetu. Fundi ahsante, lakini naomba turudi kwenye elfu.

Kahawa Chungu:

Fundi kaja kutafuta kazi.

Fundi Chokaa:

Kazi naitaka, sikatai. Lakini saruji ile itoke kwanza.

Pilipili ya Shamba:

Mie ninachotaka kujua, ni baa au si baa? Maana msikiti ni hatua kumi kutoka pale. Sheha kaulizwa?

Mwana wa Darajani:

Sheha ndiye wa kwanza kusema ni duka la juisi. Nilipomuuliza juisi za nini kanambia "za matunda". Hapo nikajua na yeye hajui kitu.

Yakhe wa Wete:

Nyie wa Unguja mmeshiba. Mnalilia mkahawa wa kumi kichochoro kimoja. Yakhe, sie huku Wete, Pemba, tukiona mtu anapaka rangi kibanda tunaanza kukisia miezi, huyu anasema pilau, huyu anasema kuku wa kuchoma, watu wameshagawana meza, siku ya kufungua tunakuta vipuri vya pikipiki! Karafuu nyingi za nchi hii zinatoka huku kwetu, sie ndio tunaopanda mikarafuu na kuanguka. Mgeni anakuja, tunampeleka msitu wa Ngezi, tunampeleka Misali anazamia, anatoka majini na njaa yake anauliza pa kula ni wapi. Tunatazamana. Mwisho anakula kwa mama yangu. Na hakumpa hata hiyo elfu.

Kahawa Chungu:

Wapemba si nyie mnaoshika maduka yote ya Darajani? Fungueni mkahawa kwenu, nani kawazuia?

Yakhe wa Wete:

Tutafungua, na mtakuja kwa boti, mkitapika njia nzima.

Shoga Lulu:

Kwa bei gani ya tiketi jamani? Hebu tusianze habari ya boti, nitaandika mpaka Alfajiri.

Yakhe wa Wete:

Anza tu. Mie mizigo yangu ya mwezi uliopita bado sijui ilishukia wapi.

Bi Kizingiti:

MREJESHO. Wallahi kaeni chini kabla hamjasoma. Sasa hivi kanigongea fundi wa pale, kijana tu, adabu anayo, kavua kofia. Kasema: "Mama, ule mkate umekwisha, wenzangu wanauliza kesho unapita saa ngapi." Mkononi kashika ELFU MBILI. Kumbe yule bwana kawaambia mie ni muuza mikate!

Mwana wa Darajani:

😂😂😂😂 bei imepanda ndani ya saa moja

Mjomba Ngalawa:

Si nilisema? Kijana wa watu keshakutafutia soko. Mshukuru.

Kahawa Chungu:

Umeshapata tenda, uzi ufungwe. Elfu mbili umepokea au umekataa?

Bi Kizingiti:

Hilo halihusiani.

Kahawa Chungu:

Kapokea.

Shoga Lulu:

Shoga'ngu, ukipika wa kesho nibakishie ukingo.

Pilipili ya Shamba:

Huyo fundi hujamuuliza mkahawa wa nini??? Mtu mzima umeletewa shahidi mpaka mlangoni, ukamwacha aondoke?

Bi Kizingiti:

Nimemuuliza. Kasema wao wameambiwa watie mabomba tu. Ila kauona mchoro wa meza, na kwenye karatasi moja kumeandikwa "urojo".

Pilipili ya Shamba:

Nini?

Mwana wa Darajani:

Hapana. Hapana. Hapana.

Pilipili ya Shamba:

Urojo na majokofu ya vioo? Hao ndio wale wanaoutia kwenye glasi ndefu, juu wanachomeka jani, kijiko kirefu, halafu wanahesabu kwa dola. Urojo ni wa bakuli la plastiki na benchi linalochezacheza. Usipotokwa na jasho hujala.

Mjomba Ngalawa:

Hapo nakuunga mkono. Nilikula mmoja wa hivyo, bajia mbili, kachori nusu. Nusu! Nyengine wamempa nani?

Yakhe wa Wete:

Na wataupika kwa ukwaju, mtaona.

Fundi Chokaa:

Ukwaju una tatizo gani? Mama yangu urojo wake wa ukwaju miaka yote.

Pilipili ya Shamba:

Fundi, nilikuheshimu mpaka kwenye chokaa. Urojo ni embe mbichi na ndimu. Unga wa ngano, manjano, embe, basi. Ukitia ukwaju umepika mchuzi, uite mchuzi.

Fundi Chokaa:

Embe si za mwaka mzima. Msimu ukiisha mnafanya nini, mnafunga?

Pilipili ya Shamba:

Tunakausha. Kwani embe za kukausha kwenu hakuna?

Shoga Lulu:

Mnapigania ukali wakati chatne ya nazi siku hizi ni maji matupu. Mie hapo ndipo ninapoumia. Na chipsi za muhogo wanazikata nene, zinakaa juu hazilowi.

Bi Kizingiti:

Jamani. Kifuniko cha ndoo ya rangi. Chenji kaa nayo, bibi.

Mjomba Ngalawa:

Tumesikia, dada. Hebu nauliza, usiku huu urojo wa embe wa kweli, mjini, bado upo wapi? Mmenitia hamu.

Mwana wa Darajani:

Kikwajuni, yule dada wa mwavuli wa buluu.

Pilipili ya Shamba:

Yule keshahamia ukwaju. Nenda Mwembetanga, ingia kichochoro cha pili, utaona watu wamesimama na mabakuli. Usimuombe pilipili ya ziada, anachukia.

Kahawa Chungu:

Mie nipo hapo hapo kwenye foleni. Bajia zimekwisha. Kachori zimebaki.

Mjomba Ngalawa:

Ngapi?

Kahawa Chungu:

Tano, na mbele yangu kuna mtu ana watoto.

Mjomba Ngalawa:

Nishikie mbili, nakuja na vespa.