Kompyuta 14, Mwanga na Kasulu: tununue antivirusi ipi, na tuanzie wapi?

Stoo_Mwanga

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaozijua ofisi ndogo. Tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla, duka kubwa liko Mwanga hapa Kigoma mjini na tawi liko Kasulu. Kompyuta ni 14: tisa Mwanga, tano Kasulu. Watumiaji 11. Nane zina Windows 10, sita zina Windows 11. Moja ya Mwanga tunaiita seva, ndiyo yenye programu ya stoo na mauzo inayotumia SQL Server Express (programu ya Microsoft ya kuhifadhi data). Intaneti ni ruta ya laini ya simu kwa bando la mwezi, kwa hiyo kila GB ina hesabu yake. Flashi zinaingia na kutoka kutwa nzima: steshenari, mawakala wa forodha wa bandarini, wateja wa Kalemie na Bujumbura wanaoleta oda.

Wiki hii flashi tatu zimefunguka folda zote zikiwa shotikati. Fundi mmoja anashauri tununue kadi 14 za antivirusi, kila kompyuta na yake. Mwingine anasema Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha. Yupi tumsikilize?

Fundi_Ujiji

Mkuu, anza na hizo flashi. Ununuzi usubiri siku mbili tatu.

Mafaili hayajapotea. Kirusi cha aina hiyo huyaficha, kisha huweka shotikati yenye jina lilelile. Anayebofya shotikati anakiendesha kirusi kwanza, halafu folda yake inafunguka kama kawaida, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Kosa linalofanyika sana ni kusafisha flashi na kuiacha kompyuta. Hapo ni kuteka maji kwa pakacha: kirusi kimeshajiandika kwenye kompyuta, na kila flashi itakayochomekwa itaambukizwa upya.

Kwa hiyo kompyuta kwanza. Ichomoe kwenye mtandao, ingia Windows Security, sehemu ya virusi, fungua "Scan options" uchague Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka, ikague kabla Windows haijapanda, kama robo saa hivi. Hakikisha ina UPS au chaji ya kutosha, umeme usikatike katikati. Ukaguzi huu una nguvu kwa sababu kirusi kinakuwa bado hakijaamka kujificha.

Kompyuta ikiwa safi ndipo uchomeke flashi. Usibofye kitu. Bofya kitufe cha kulia juu ya herufi ya flashi, uikague. Kisha fungua Command Prompt, na kama flashi ni F andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Folda halisi zitarudi. Futa shotikati zote, na faili lolote la .vbs, .js au .exe ambalo hamkuliweka ninyi. Kwenye File Explorer washa pia "File name extensions", kila kompyuta. Keshia akiona "oda.pdf.exe" kwa macho yake ataacha, akiona "oda.pdf" tupu na picha ya PDF, atabofya tu.

Halafu tengeni kompyuta moja ya mapokezi, ya Windows 11, isiyofungua programu ya stoo kabisa. Flashi yoyote ya nje ikaguliwe hapo, na faili linalohitajika tu lipelekwe ndani kupitia folda ya mtandao. Itawasumbua wiki ya kwanza. Baada ya hapo itakuwa sehemu ya kazi.

Mtandao_Isevya

Niko Tabora, mazingira ni yaleyale. Nijibu la kununua.

Kadi 14 za matumizi ya nyumbani msinunue. Shida yake si nguvu ya kukinga virusi, ni usimamizi: kila moja ina tarehe yake ya kuisha, na hakuna skrini moja ya kuonyesha kwamba kompyuta ya pili ya Kasulu haijasasishwa tangu mwezi uliopita au kwamba mtu ameizima. Ofisi haiambukizwi kupitia kompyuta 13 zilizo sawa. Inaambukizwa kupitia ile moja iliyosahaulika.

Defender ya bure kwa ukingaji wa kawaida ni nzuri kweli, na huyo fundi wa pili hajakosea. Inachokosa ni hiyo skrini moja. Kama bajeti haipo, Defender iliyopangwa vizuri na mtu mmoja anayepita kila Jumatatu inafaa kuliko kadi. Kama bajeti ipo, angalieni hizi: Microsoft Defender for Business, bei ya orodha ni dola 3 kwa mtumiaji kwa mwezi, kila mtumiaji hadi vifaa vitano, ofisi ya watu wasiozidi 300. Kwenu ni watumiaji 11, kwa hiyo dola 33 kwa mwezi, si 42. Mtego wake ni kwamba haikubali Windows Home (toleo la nyumbani), na laptopu nyingi za madukani zinakuja na Home. Bofya Start, andika winver, soma kabla ya kulipa. Nyingine ni Bitdefender GravityZone na ESET PROTECT, hizo zinahesabu kwa kifaa, na zote zina kitu kinachowafaa ninyi wa bando: kompyuta moja inapakua masasisho, nyingine zinachukua kutoka kwake ndani ya ofisi. Bitdefender wanaita Relay, ESET wanaita mirror.

Msiweke mbili kwenye kompyuta moja. Zinagombania kila faili linalofunguliwa, kompyuta inakuwa nzito, mwisho mtu anazizima zote. Na kama kuna antivirusi ya zamani iliyoisha leseni, iondoeni kwa zana ya kuondolea ya kampuni yake, mzime na kuwasha, kisha mhakikishe Defender imeshika nafasi.

Bando_Dogo

Naongezea la bando, maana hapa ndipo ofisi nyingi za kwetu zinapoharibikiwa kimyakimya. Mafundi wengi wakija kuokoa MB wanaiweka Wi-Fi kuwa "Metered connection". Windows inaacha kupakua masasisho mengi yenyewe, na Defender nayo inabaki na orodha ya virusi ya zamani. Kompyuta inaonekana ina ulinzi wakati inazuia virusi vya miezi mitatu nyuma tu.

Fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika Get-MpComputerStatus, tafuta mstari wa AntivirusSignatureAge. Hiyo namba ni siku. Ikiwa 0 au 1 ni sawa. Ikizidi 7, shughulikia leo.

Njia ya bei nafuu: pakua faili la mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft, linazidi MB 100, mara moja kwa kompyuta zote, liweke kwenye folda ya mtandao na ulibofye kila kompyuta. Kasulu lipelekwe na flashi safi. Chagua lile la biti 64 kama Windows ni ya biti 64, vinginevyo litakataa. Kwa masasisho ya Windows yenyewe, washa Delivery Optimization (kompyuta kugawiana masasisho) na uchague vifaa vya mtandao wa ndani tu. Ukiruhusu na vya intaneti, bando lako litawapelekea masasisho watu usiowajua.

Ukaguzi wa ratiba pia msiuweke saa 8 usiku kama miongozo mingi inavyosema. Usiku kompyuta zenu zimezimwa. Wekeni saa 7 mchana, watu wakiwa kwenye chakula.

Stoo_Mwanga

Asanteni sana. Nimefanya hivyo kwenye kompyuta zote za Mwanga. Tatu zina siku zaidi ya 60. Kwenye mbili nimekuta kitu cha ajabu, kwenye sehemu ya "Exclusions" (Defender isipopaswa kukagua) imeandikwa C:\ yote. Hatukuweka sisi. Hizo mbili ziliwekewa Windows na Office na fundi wa mtaani kwa kreki, bila leseni. Inahusiana?

Fundi_Ujiji

Inahusiana moja kwa moja. Vile viprogramu vya kuamsha Windows bila leseni vinazuiwa na Defender, kwa hiyo anayeviweka anaizima kwanza au anaiambia isikague C nzima. Akimaliza haondoi. Tangu siku ile kompyuta hiyo haina mlinzi, japo alama ya kijani ipo. Familia ya STOP/Djvu, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fedha, imesambaa dunia nzima hasa kupitia kreki za namna hii.

Hizo mbili usizisafishe. Nakili nyaraka tu, .docx, .xlsx, .pdf na picha, si programu. Futa diski nzima, weka Windows yenye leseni upya. Kusafisha kompyuta iliyokaa bila mlinzi muda mrefu ni kubahatisha, huwezi kujua kimebaki nini. Paswedi zote zilizowahi kuandikwa humo, za barua pepe na za benki, zibadilishwe kwenye kompyuta nyingine iliyo safi.

Zilizobaki tazama kwa Get-MpPreference, mstari wa ExclusionPath. Kinachostahili kutengwa ni folda ya data ya SQL Server tu, yenye mafaili ya .mdf na .ldf, na ni kwenye seva pekee. Bila kuitenga mauzo yanaweza kuwa mazito. Kisha washa "Tamper Protection", inazuia programu kuizima Defender kwa mlango wa nyuma. Na kila mtumiaji aingie kwa akaunti ya kawaida, akaunti ya msimamizi ibaki kwa mtu mmoja. Hili la akaunti halina gharama hata senti, na linapunguza madhara kuliko tofauti iliyopo kati ya antivirusi moja na nyingine.

Windows 10 nane: msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Orodha ya virusi ya Defender itaendelea kuja hadi Oktoba 2028, lakini mianya ya Windows yenyewe haizibwi tena bila kulipia. WannaCry ya Mei 2017 ilipita kwenye mwanya ambao Microsoft walikuwa wameshauziba Machi mwaka huohuo. Walioumia ni ambao hawakusasisha. Kompyuta yenye TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pandisha Windows 11. Isiyoweza, ilipiwe masasisho ya ziada, dola 61 kwa mwaka wa kwanza kwa ofisi na bei hupanda mara mbili kila mwaka, au itolewe kwenye mtandao wa stoo.

Mtandao_Isevya

Antivirusi yoyote ile siku moja itapitwa. Siku hiyo kinachowaokoa ni bakapu ya ile seva, na sijaona mkiitaja.

SQL Server Express haina ratiba yake ya ndani, kwa hiyo tumia Task Scheduler ya Windows iite amri hii kila siku saa 12 jioni, ukibadilisha majina yafanane na yenu:

sqlcmd -S .\SQLEXPRESS -E -Q "BACKUP DATABASE Stoo TO DISK='D:\Bakapu\stoo.bak' WITH INIT, CHECKSUM"

Ikigoma kwa kosa la ruhusa, ni kwamba huduma ya SQL haina haki ya kuandika kwenye folda hiyo, ipe. Usijaribu kunakili .mdf wakati programu inafanya kazi, itakataa au utapata nakala mbovu.

Nunueni diski mbili za nje. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa diski A, siku nyingine B. Chomeka, nakili, chomoa. Diski inayobaki imechomekwa hufungwa pamoja na mafaili mengine yote, na bakapu inakuwa imekufa siku ileile ya msiba. Moja ilale nje ya duka. Kila mwisho wa mwezi rejesheni bakapu kwenye kompyuta nyingine, fungueni programu, mlinganishe salio la saruji na mabati na lile la seva. Bakapu isiyowahi kurejeshwa msiihesabu.

Stoo_Mwanga

Diski naagiza kesho. La mwisho: Kasulu wanaingia kwenye seva kwa Remote Desktop (kuitumia kompyuta ukiwa mbali). Fundi alifungua mlango 3389 kwenye ruta.

Mtandao_Isevya

Ufunge leo, kabla ya yote yaliyoandikwa hapo juu. Mlango huo unapekuliwa na mashine za wahalifu mchana na usiku kutoka kila pembe ya dunia, zikijaribu paswedi moja baada ya nyingine. Akishaingia mtu kama msimamizi anaizima antivirusi mwenyewe kwa mkono, awe ameikuta ya bure au ya dola elfu.

Kasulu waunganishwe kwa VPN (njia iliyofichwa ndani ya intaneti). WireGuard ni bure na nyepesi kwenye bando. Kama laini yenu haitoi anwani ya umma ya kudumu, Tailscale itawarahisishia. Tazama pia Event Viewer ya seva, kumbukumbu ya Security, namba 4625. Ni majaribio ya kuingia yaliyoshindwa. Ukikuta mamia kwa saa, walikuwa mlangoni. Kisha tafuta 4624 zenye "Logon Type" 10 katika saa ambazo duka lilikuwa limefungwa. Ukiipata hata moja ambayo si ya mtu wenu, chomoa waya wa mtandao wa seva, usifomati kitu, nakili hiyo kumbukumbu, kisha rudi hapa na uwaandikie TZ-CERT, kikosi cha taifa cha matukio ya usalama wa kompyuta, walio chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Stoo_Mwanga

Nimefunga 3389 sasa hivi. 4625 zipo nyingi mno, zinaanzia usiku wa jana. 4624 za aina ya 10 nazipitia moja moja, hadi sasa zote ni za mhasibu wa Kasulu, kati ya saa 2 asubuhi na saa 11 jioni. Nikimaliza naleta majibu.