Mwanga wa meza ya kunakilia michoro hausambai sawasawa

Mchoraji, Jinja
Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi huchora picha za vitabu vya watoto kwa penseli, kisha huzihamishia kwenye karatasi nzito ya rangi za maji, ile ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Seremala amenitengenezea sanduku lenye kioo juu na balbu moja ndani, lakini katikati panang'aa hadi macho yanauma, ilhali pembeni mistari haionekani, na kioo nacho hupata joto upesi. Je, nilirekebishe au ninunue kibao chembamba chenye taa ndogo za LED?

Mchapaji wa fulana, Nasser Road
Ndugu, sanduku lenyewe halina ubaya. Tatizo ni mwanga kutoka mahali pamoja, tena karibu na kioo. Ondoa balbu, ubandike tepu za LED sakafuni mwa sanduku kwa mistari sambamba, na nafasi kati ya mstari na mstari isizidi kina cha sanduku, la sivyo utaona michirizi ya mwanga na kivuli. Ndani paka rangi nyeupe isiyong'aa. Chini ya kioo weka akriliki (plastiki ngumu) yenye weupe wa maziwa, milimita 3 zinatosha, kwa sababu kioo kitupu hakitawanyi mwanga, kinabeba tu uzito wa mkono. Tepu nyingi ni za volti 12, kwa hiyo umeme ukikatika (nasi tunaujua) zinaweza kuwashwa kwa mfumo mdogo wa sola.

Mwalimu wa sanaa, Mbale
Ushauri huo ni mzuri, ila kwa michoro ya A4 mimi ningenunua kibao. Ndani yake taa ndogo hupangwa ukingoni, mwanga ukasafiri katika bamba la akriliki hadi ukutane na vitone vilivyochapwa mgongoni mwake, ambavyo huutawanya kuelekea juu. Ndiyo maana ni chembamba na hakichomi mkono. Vingi hutumia volti 5, kama chaja ya simu.

Hata hivyo, gramu 300 humeza mwanga mwingi. Kabla ya kunakili, pitia mistari ya penseli kwa kalamu ya wino mweusi, uzime taa ya chumbani na kufunga pazia. Sehemu ya kioo isiyofunikwa na mchoro izibe kwa karatasi nyeusi, kwa kuwa mwanga unaopita kando hubana mboni ya jicho, na mistari hufifia ingawa meza inang'aa vya kutosha. Usichague rangi ukiwa juu ya kibao cha bei nafuu. Wakaguzi wa slaidi (picha za filamu zinazopitisha mwanga) hutumia taa za kelvini 5000, kipimo cha rangi ya mwanga, zinazoonyesha rangi kwa uaminifu, na vibao hivyo aghalabu huelekea ubuluu.

Mchoraji, Jinja
Asante, Mwalimu. Kurasa zangu nyingi ni za A3, mbili zikiwa zimeunganishwa.

Mchapaji wa fulana, Nasser Road
Basi baki na sanduku, na uongeze swichi ya kupunguza mwanga. Wakati tepu hazijapatikana, bandika mchoro kwenye kioo cha dirisha mchana.