Maua ya Latifa (kikundi cha familia)

Shangazi Rehema: Hamjambo. Utepe wa kushonea maua ya harusi ya Latifa umeshafika: satini ya poliesta, upana sentimita 4, nyeupe na zambarau. Waridi moja linakula kama mita 1. Nataka majina ya washonaji leo hii.

Shangazi Rehema: Naona mmesoma. Tiki za bluu ninazo hapa.

Juma: Mimi nitashona kwa macho 😂

Zawadi: Shangazi, kuna ule utepe wa pamba uliobaki kabatini. Tuuongezee?

Shangazi Rehema: Usiuguse. Poliesta ukiipitisha karibu na mshumaa ukingo unayeyuka, unajifunga, haufumuki. Pamba inaungua tu inakuwa jivu. Na mpitishe huko chini kwenye mwale wa bluu. Juu kuna masizi, na nyeupe ikishika masizi haitoki.

Juma: Kwa hiyo tunaunguza maua ya bibi harusi 😂😂 zimamoto wajulishwe

Zawadi: 🤣🤣

Shangazi Rehema: Juma, wewe unakata. Mkasi mkali, ukingo ukatwe mshazari.

Juma: Mkasi wangu uko kwa Baraka.

Baraka: Mkasi upi?

Zuhura: Mimi nitashona, ila nasema mapema: safari hii hatutegemei gundi. Maua ya Amina yalimwaga petali kabla hatujaingia ukumbini. Picha zote zina nyuzinyuzi za gundi.

Amina: Wifi, hilo bado unalo?

Zuhura: Sinalo mimi. Albamu ndiyo inalo.

Baraka: 🍿

Shangazi Rehema: Jamani, turudi kwenye utepe. Nani anashona?

Amina: Mimi simo.

Bibi: Zawadi ananiandikia. Maua ya Amina ninayo mimi. Niliyaokota yote siku ile, nikayafumua, nikayashona upya. Asiyataje tena mtu humu. Sasa sikilizeni. Uzi uwe wa rangi ya utepe, mkunje mara mbili. Pigeni bandi, ile mishono mirefu ya kuvutia, ukingo wa chini, kisha mvute taratibu. Mkikaza mno waridi linafumba kama ngumi. Mkiviringisha, kila mzunguko ushonwe kwenye shina kabla ya mwingine. Tumba la katikati ndilo libanwe, petali za nje ziachiwe. Gundi ni ya kile kitambaa cha duara cha nyuma, basi. Amina na Zuhura watashona pamoja, meza moja.

Amina: Sawa Mama.

Shangazi Rehema: Ahsante Mama.

Shangazi Rehema: Zuhura?

Shangazi Rehema: Basi Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwangu. Maua ya kifuani ya mabwana tutatumia utepe wa sentimita 2.5, ule mpana utawaziba. Shanga za katikati alete Zawadi.

Zawadi: Nyeupe au za lulu?

Juma: Jumamosi kuna mpira lakini

Zuhura: Nilikuwa kazini. Nimesikia Mama, shikamoo. Jumamosi sina uhakika. Rehema, nipe mita zangu nishonee nyumbani.

Amina: Mama kasema meza moja.

Zuhura: Nimesoma, wifi.

Shangazi Rehema: Jumapili je?

Mjomba Hamisi: Ndiyo naona sasa. Mshumaa mmenunua?

Baraka: Juma, ule mkasi wa mpini mwekundu? Uliupeleka mwenyewe kwa Mjomba.