Tupeane uzoefu: vifurushi vikivunjika kwenye Linux, unarekebishaje bila kusakinisha mfumo upya?

#1 (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mtu akikwama na apt (chombo cha kusakinisha programu kwenye Debian na Ubuntu), jibu analopewa haraka kuliko yote ni "weka mfumo upya". Mara nyingi hakuna haja. Debian, Ubuntu na ndugu zao huandika kila wanachofanya, na kifurushi kilichokwama katikati kina hali inayojulikana na amri ya kukitoa hapo. Naanza na msingi, wengine mwageni mnachokijua. Wa Fedora na Arch mnakaribishwa pia. Ombi langu ni moja: ukitoa amri, toa na sababu yake, maana amri zinazonakiliwa bila sababu ndizo zinazoharibu mashine za watu.

Kazi hapa ina watendaji wawili. `dpkg` inafungua faili la .deb (kifurushi cha programu), inapanga yaliyomo kwenye diski na kuandika kumbukumbu kwenye `/var/lib/dpkg/status`. Haijui habari za intaneti, na kitu kikikosekana haina pa kukitafuta. `apt` iko juu yake: inasoma hazina (seva zinazohifadhi vifurushi), inapiga hesabu ya kipi kinategemea kipi, inapakua, kisha inaikabidhi dpkg. Ndiyo maana faili la .deb ulilopakua mwenyewe ni bora uliweke hivi:

`sudo apt install ./programu.deb`

Usisahau `./` hapo mbele, la sivyo apt italitafuta jina hilo kwenye hazina. Ukitumia `dpkg -i`, vitegemezi visipokuwepo kifurushi kinabaki nusu.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, au dirisha likafungwa, mpangilio ni huu:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`

Ya kwanza inamalizia vifurushi vilivyokwisha funguliwa lakini havijasanidiwa. Ya pili inatafuta vitegemezi vilivyokosekana. Kabla ya kubonyeza Y kwenye hiyo ya pili, soma orodha ya vitakavyoondolewa. Wakati mwingine njia anayoiona apt ni kufuta mazingira yako yote ya eneokazi ili hesabu yake ikae sawa.

Kuona kilichokwama: `dpkg -l | grep -v '^ii'`. Herufi mbili za mwanzo zinasema kila kitu. `iU` kimefunguliwa lakini hakijasanidiwa. `iF` skripti yake ya usanidi ilishindwa. `rc` kimeondolewa ila mipangilio yake imebaki `/etc`, na hiyo haina madhara. Kwenye `iF` usirudie amri ileile mara kumi. Fungua `/var/lib/dpkg/info/jina.postinst` uone skripti inajaribu nini, kisha `journalctl -xeu jina`. Mara nyingi kosa liko kwenye huduma yenyewe: imeshindwa kuwaka, labda kwa sababu seva nyingine tayari imeshika mlango 80, au faili la mipangilio lina mstari mbovu. Ukirekebisha hapo, `dpkg --configure -a` inapita bila shida.

#2

Niongezee la kufuli, kwa sababu ushauri mbaya umesambaa sana hapa. Ujumbe unakuja hivi:

`Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 2143 (unattended-upgr)`

Watu wanaambiwa `sudo rm /var/lib/dpkg/lock*`. Msifanye hivyo. Faili hilo kuwepo si kufuli. Linakuwepo muda wote, hata mashine ikiwa haifanyi kitu. Kufuli halisi linashikwa na keneli (kiini cha mfumo) juu ya faili hilo kwa ajili ya mchakato ulioliomba, na mchakato ukifa, kufuli linaachiwa lenyewe. Ukilifuta faili, mchakato wa kwanza unaendelea kushika lile lililofutwa, wewe unafungua jipya na kulishika. Sasa michakato miwili inaandika kwenye hifadhidata moja kwa wakati mmoja, na hapo ndipo faili la status linapoharibika kweli.

Ujumbe umeshakutajia namba ya mchakato. Kama ni `unattended-upgr`, mfumo unasasisha usalama wenyewe, usubiri. Unaweza kuiambia apt isubiri badala yako:

`sudo apt -o DPkg::Lock::Timeout=300 install programu`

Hiyo ni sekunde 300. Kama ni apt iliyobaki kwenye terminali nyingine ikingoja ujibu swali, nenda kalijibu. Na mkiwa kwenye seva ya mbali, sasisheni ndani ya `tmux` au `screen`. Mtandao ukikatika, kazi inaendelea na unairudia ilipo.

#3

Kwa wa Arch: pacman (ndiyo apt ya huku) ni kinyume kabisa na maelezo ya #2. Kwake faili `/var/lib/pacman/db.lck` ndilo kufuli lenyewe, na mashine ikizimika ghafla linabaki. Hakikisha kwanza kwa `pgrep pacman` kwamba hakuna pacman inayotembea, ndipo ulifute.

La pili, na hili ndilo linalovunja Arch nyingi: usitumie `pacman -Sy programu`. Unakuwa umesasisha orodha bila kusasisha mfumo. Programu mpya inakuja imejengwa juu ya maktaba mpya, au inavuta maktaba mpya ambayo programu zako za zamani haziijui. Siku zote `pacman -Syu`, yote kwa pamoja. Baada ya hapo endesha `pacdiff` uone faili za `.pacnew`, kwa sababu pacman haikuulizi kuhusu mipangilio. Inaweka mpya pembeni na kuendelea.

#4

Kwenye Debian na Ubuntu, asilimia kubwa ya uharibifu unaanzia kwenye hazina za nje. Nitakaa hapa kidogo.

Miongozo ya zamani bado inasema `apt-key add`. Njia hiyo imeachwa, na sababu yake ni nzito. Ufunguo ulioingizwa kwa njia hiyo unaaminiwa kwa hazina zote. Mwenye kihazina kidogo cha programu moja anaweza kutia sahihi kifurushi chochote, na mfumo ukakikubali kana kwamba kimetoka Debian. Sasa ufunguo unawekwa peke yake na kufungwa kwenye hazina yake. Faili `/etc/apt/sources.list.d/mfano.sources` linakuwa hivi:

`Types: deb`
`URIs: https://mfano.example/debian`
`Suites: bookworm`
`Components: main`
`Signed-By: /etc/apt/keyrings/mfano.asc`

Kuna mambo mawili yanayowakwamisha watu hata wakifuata hivyo. Moja, kiambishi cha jina: ufunguo wa maandishi unaoanza na `-----BEGIN PGP` lazima uishie `.asc`, na ule wa baiti lazima uishie `.gpg`. Ukichanganya, apt inaupuuza na unaletewa `NO_PUBKEY` ilhali ufunguo upo. Mbili, ruhusa: apt inasoma ufunguo kama mtumiaji `_apt`, kwa hiyo faili liwe `chmod 644`.

Lakini Signed-By peke yake haitoshi. Hazina hiyo bado inaweza kuleta toleo la juu la kifurushi ambacho tayari unacho kutoka Debian, na apt hupenda namba kubwa. Zuieni kwenye `/etc/apt/preferences.d/mfano`:

`Package: *`
`Pin: origin mfano.example`
`Pin-Priority: 1`

Acha mstari mtupu, kisha:

`Package: programu`
`Pin: origin mfano.example`
`Pin-Priority: 500`

Kipaumbele cha kawaida ni 500. Toleo lililokwisha sakinishwa lina 100, kwa hiyo chenye 1 hakiwezi kulipiku. Kikizidi 1000, apt inakubali hata kushusha toleo, kwa hiyo msiandike 1001 bila kujua mnachofanya. Hakikisheni kwa `apt-cache policy programu`: ukiona `Candidate` inatoka mahali usipopatarajia, simama hapo hapo.

Na kwenye mstari wa Suites andikeni jina la toleo, kama `bookworm` (Debian 12), badala ya `stable`. Neno `stable` linahama. Debian 13 ilipotoka Agosti 2025, kila aliyeandika `stable` alielekezwa trixie (ndiyo hiyo 13) kwenye sasisho lililofuata, hata kama hakujiandaa. Kuchukua hazina ya Ubuntu na kuiweka Debian pia si jambo la kujaribu. Vifurushi vyake vimejengwa juu ya libc6 nyingine (maktaba ya msingi ambayo karibu programu zote huitegemea), na ukishalazimisha libc6 kupanda, kurudi ni kazi kubwa.

#5

Swali kwa #4: kuna mashine inasema `Release file is not valid yet (invalid for another 5h)`. Hilo nalo ni la ufunguo?

#6

Hapana mkuu, hiyo ni saa ya mashine. Iko nyuma, kwa hiyo faili la hazina linaonekana limetoka siku za mbele. Angalia `timedatectl`, kisha `sudo timedatectl set-ntp true`. Ikiwa saa inapotea kila ukizima, betri ndogo ya ubao mama imekwisha.

Nikiwa hapo hapo kwenye ujumbe wa `apt update`: `Hash Sum mismatch` maana yake orodha uliyopakua hailingani na ile iliyotiwa sahihi. Aidha seva ya nakala ilikuwa katikati ya kujisasisha, au kuna proksi njiani inayokupa faili la zamani. Futa orodha uzichukue upya:

`sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*`
`sudo apt update`

Na ukipata 404 kila mahali kwenye toleo la zamani, hazina imehamishwa. Za Debian ziko archive.debian.org, za Ubuntu ziko old-releases.ubuntu.com. Elewa kwamba huko hakuna masasisho ya usalama tena. Patumie kama ngazi ya kupandia toleo jipya tu.

#7

Mimi naleta `/boot` iliyojaa. Mfumo ukiwa umesakinishwa na diski iliyosimbwa, `/boot` huwa sehemu ndogo ya peke yake. Kila keneli mpya inaongeza faili lake la initrd (linalosaidia mfumo kuwaka), mpaka siku unaona `No space left on device` na keneli inabaki `iF`.

Anza na `df -h /boot` kuthibitisha, kisha `uname -r` ujue keneli unayotumia sasa. Hiyo usiiguse. Jaribu `sudo apt autoremove --purge`. Kama nayo inashindwa, ni kwa sababu kila hatua ya dpkg inataka kujenga initrd mpya na nafasi hakuna. Hapo hamisha initrd moja ya keneli ya zamani:

`sudo mv /boot/initrd.img-TOLEO-LA-ZAMANI /root/`
`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt autoremove --purge`

Msifute faili za `vmlinuz` (keneli zenyewe) kwa `rm` mkaishia hapo. dpkg bado inaamini zipo. Keneli iondolewe kwa apt ili menyu ya GRUB (ya kuwashia mfumo) nayo iandikwe upya.

Kama `/boot` ni finyu kiasi cha kutobeba keneli mbili, badili `MODULES=most` kuwa `MODULES=dep` kwenye `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf`, kisha `sudo update-initramfs -u`. Initrd inapungua sana kwa sababu inabeba viendeshi vya mashine hiyo pekee. Gharama yake ni kwamba diski hiyo ukiihamishia mashine nyingine inaweza isiwake.

#8

`sudo pip install` isahauliwe kabisa. Programu nyingi za mfumo zimeandikwa kwa Python, na pip (kisakinishi cha maktaba za Python) ikiendeshwa kama root inaweka maktaba zinazotangulia zile za apt. dpkg haina habari yoyote. Programu ya mfumo inavunjika, na ukiuliza `dpkg -V` inakujibu kila kitu ni salama, kwa sababu faili zake kweli hazijaguswa. Tangu Debian 12 pip inakataa na ujumbe `externally-managed-environment`. Msiivunje kinga hiyo kwa `--break-system-packages`. Kwa mradi: `python3 -m venv mradi`. Kwa programu ya amri: `pipx install jina`.

#9

Fedora kwa ufupi. dnf ndiyo apt ya huku. `dnf history list` inaonyesha kila muamala na namba yake, `dnf history info 42` inafungua ndani, na `sudo dnf history undo 42` inaurudisha nyuma, ilimradi matoleo ya zamani bado yako kwenye hazina. Keneli zinazobaki zinaamuliwa na `installonly_limit` kwenye `/etc/dnf/dnf.conf`, kawaida ni 3, kwa hiyo tatizo la #7 huku ni nadra.

#10

Kwenye Ubuntu kuna vifurushi vinabaki vimezuiliwa, `apt upgrade` haivichukui. Watu wanasema nilazimishe na `full-upgrade`. Ni salama?

#11 (mwanzisha mada)

Inategemea sababu, na sababu ni tatu. Kama ujumbe unataja `phasing`, Ubuntu inatoa sasisho hilo kwa mashine chache kwanza. Zamu yako haijafika, acha. Kama `apt-mark showhold` inakitaja, kuna aliyekifunga kwa makusudi, uliza kwanza. Ya tatu ni kwamba toleo jipya linataka kifurushi kingine kiondolewe, na `apt upgrade` haiondoi kitu kamwe. Hapo fanya majaribio bila kugusa chochote:

`apt -s full-upgrade | grep ^Remv`

Ukiona kinachoondolewa ni maktaba ya zamani iliyobadilishwa jina, endelea. Ukiona programu unayoitumia, usiendelee.

Likiharibika jambo baada ya kusasisha, kabla ya kubahatisha soma `/var/log/apt/history.log`. Kila mara inaandika tarehe, amri iliyopigwa, na toleo lililotoka na lililoingia. Ya miezi iliyopita imebanwa, isome kwa `zless /var/log/apt/history.log.1.gz`. Ukijua toleo la awali, angalia kwa `apt list -a jina` kama bado lipo, kisha `sudo apt install jina=toleo` na `sudo apt-mark hold jina` mpaka rekebisho litoke. Kwa Debian, matoleo yaliyokwisha ondolewa kwenye hazina yanapatikana snapshot.debian.org. Kushusha toleo kunafaa kwa programu ndogo. Kwa hifadhidata kama PostgreSQL au MariaDB usijaribu bila nakala ya data, kwa sababu toleo jipya likishabadili muundo wa faili zake, la zamani linaweza kushindwa kuzisoma.