Ushauri: sumaku ya kubana mafuta kwenye IST, ninunue au niachane nayo?

Mtu_wa_Tabata:
Wakuu habari za jioni. Nina IST ya 1300cc, natoka nayo Tabata kwenda Posta, na siku hizi inakunywa mafuta vibaya mno. Kuna muuzaji ana sumaku mbili za kufunga kwenye paipu ya mafuta, elfu 85 pamoja na ufundi. Anasema nitaokoa robo ya mafuta. Amenitumia na picha ya tangazo la gazeti la zamani la Marekani, jamaa kavaa tai kashika kidude cha kubana mafuta. Hoja yake ni kwamba kama Wamarekani walikuwa navyo tangu enzi hizo, basi vinafanya kazi. Nichukue?

Gereji_Kwanza:
Usichukue mkuu. Tangazo la zamani linathibitisha kwamba kitu kiliuzwa, basi. Miaka ya 1940 Firestone, kampuni kubwa ya matairi, iliuza plagi zenye poloniamu, madini ya mionzi, ikidai cheche itaruka vizuri na gari litawaka haraka. Sasa angalia: nguvu ya poloniamu hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 138 hivi. Plagi ikikaa dukani miezi kadhaa, nusu imeshakwenda kabla hujaifunga. Ukishaifunga, masizi yanaganda juu yake na kuzuia hata mionzi iliyobaki. Na hiyo ni kampuni yenye jina, siyo muuzaji wa mtaani.

Mama_Probox:
Lakini jirani yangu kafunga hizo sumaku na anasema gari limekuwa jepesi.

Gereji_Kwanza:
Dada yangu, muulize siku ile fundi alifanya nini kingine. Mara nyingi anasafisha plagi, anapuliza eya klina, anajaza upepo. Halafu mwenye gari akishatoa hela anaanza kuendesha taratibu akiangalia geji. Petroli haivutwi na sumaku, inapita pale kama ilivyokuja.

Kipimo:
Naongezea. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya namna hii. Vingi havikupunguza mafuta kabisa, vichache vilisaidia kidogo sana, na vingine viliongeza moshi mchafu.

Mtu_wa_Tabata:
Asanteni. Na ile kabureta, yaani kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, inayodaiwa kwenda maili 200 kwa galoni moja? Muuzaji anasema makampuni ya mafuta yaliificha.

Kipimo:
Hiyo ni ya Charles Nelson Pogue wa Winnipeg, Kanada, miaka ya 1930. Haikufichwa, hataza zake (hati za haki ya uvumbuzi) ni za wazi, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Alitaka petroli igeuke mvuke wote kabla ya kuingia kwenye injini. Shida ni kwamba injini nzuri inachoma karibu petroli yote tayari. Hasara kubwa ni joto linalotokea kwenye ekzosi na rejeta, na mvuke hauliondoi hilo.

Gereji_Kwanza:
Turudi kwenye IST. Anza na upepo wa matairi, ni wa bei ndogo kuliko vyote. Ukifika nyumbani, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa: moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, breki inakaba. Kisha eya klina na plagi. Halafu lipimwe kwa mashine, hasa oksijeni sensa, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, maana ikichoka kompyuta ya gari inaweza kumwaga mafuta mengi. Jaza tenki mpaka juu kabla na baada, pampu ileile, njia ileile, ugawe kilomita kwa lita.

Mtu_wa_Tabata:
Nimetoka kuangalia, rimu ya mbele kushoto ni ya moto kweli, zingine vuguvugu tu. Muuzaji nimeshamwambia sichukui. Kuna fundi breki mwaminifu upande wa Segerea?

Mama_Probox:
Njoo PM nikupe namba ya fundi wangu. Na jirani naenda kumuuliza leo leo.