Mashine ya "kulainisha maji bila chumvi": waosha magari tunapigwa mchana kweupe

Wakuu, nina hasira na leo sizunguki. Nina sehemu ya kuoshea magari hapa Dodoma, maji yangu ya kisima kirefu, na aliyekaa Dodoma anayajua haya maji, ni magumu, yana chokaa nyingi, birika la chai linashika ukoko mweupe unaubandua kwa kisu, na sabuni haitoi povu mpaka uimwage kama huna akili.

Nilikuwa natafuta dawa ya hilo tatizo muda mrefu. Ile mashine ya kawaida inayotumia chumvi niliikataa, maana kila mara unanunua gunia la chumvi la kuisafishia halafu yale maji ya chumvi uyamwage wapi, nyuma yangu kuna mama analima mchicha na ndo maisha yake. Akaja jamaa ana vipeperushi, akaniambia kaka hii inalainisha maji, haitaki chumvi, haitaki umeme, unafunga unasahau. Nikatoa milioni moja na laki nane.

Siku ya nne akaja mteja na Prado nyeusi, saa saba, jua lile mnalijua. Vijana wanafuta upande wa kulia, upande wa kushoto ushakauka. Kesho yake mzee karudi, kanishika mkono mpaka kwenye boneti, akaniambia mwanangu pitisha kidole hapa. Viduara vyeupe boneti nzima, vinakwaruza kidole kama unga wa chaki. Kijana wangu alikaa saa nzima na nusu anafuta kwa kitambaa chenye siki, taratibu asiharibu rangi, na hela ya mzee nikamrudishia. Yule mzee alikuwa anakuja kila wiki. Hajaja tena.

Nikampigia muuzaji, ananiambia eti vijana wangu hawajui kukausha. Basi nikachukua chupa mbili, moja maji ya kabla ya mashine, nyingine ya baada, matone ya sabuni sawasawa, nikatikisa. Povu lile lile, zote mbili zina utando wa kijivu juu. Nikatafuta vile vikaratasi vya kupimia ugumu wa maji, rangi ni ile ile. Kilicholainishwa ni nini hapo??

Nimekuja kuelewa baadaye, na hiki ndo kinaniuma. Ile mashine haitoi kalsiamu wala magnesiamu kwenye maji, na hizo ndo zinazoyafanya yawe magumu. Ndani kuna vipunje ambavyo vinaigeuza kalsiamu iwe vifuwele vidogo mno visivyong'ang'ania kwenye bomba. Kwa mwenye hita ya maji ya moto au bomba zinazoziba inaweza kumsaidia, sikatai. Ila sisi maji yanakaukia juu ya gari! Maji yakipaa, chokaa yote iliyokuwemo inabaki pale pale kwenye rangi na vioo. Muuzaji anajua hilo, anajua naosha magari, bado akaniambia "inalainisha".

Na hata ile ya chumvi isikudanganye, inatoa kalsiamu inaweka sodiamu, sabuni itatoa povu vizuri ila ukiacha yakauke doa lipo, tofauti ni kwamba linafutika kirahisi. Kinachoondoa doa kabisa ni mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye chujio laini mno linaloitwa membreni, kama za wauza maji ya chupa, na unaitumia kwenye suuza ya mwisho tu, yale maji yasiyopita kwenye chujio unayapeleka kwenye tairi na matope. Ila muulize fundi mapema atailindaje, maana maji magumu yanaziba ile membreni haraka. Mvua nayo tunaichezea, paa la mita za mraba 100 kila milimita moja ya mvua ni lita 100 za maji laini ya bure, Desemba mpaka Aprili tunayaangalia yanaenda mtaroni. Mimi saa hizi nimefunga turubai la kivuli, tunaosha upande mmoja tunakausha hapo hapo ndo tunahamia mwingine.

Hela yangu naitaka. Simu hapokei tena. Risiti ninayo, na wameandika wenyewe "mashine ya kulainisha maji". Aliyewahi kurudishiwa hela kwa kesi ya namna hii aniambie alianzia wapi, Tume ya Ushindani au mahakamani moja kwa moja? Na kama umefungiwa hii kitu, fanya lile jaribio la chupa mbili leo leo, weka picha hapa chini.