Mrejesho: nyuki wa Tanga

Wakuu, mnakumbuka niliuliza Waingereza walipigwa Tanga Novemba 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia, na nyuki au na askari wa Mjerumani, na nianze kusoma wapi? Mrejesho ndo huu.

Nyuki walikuwepo kweli na waling'ata pande zote mbili, ila kusema ndo walioshinda vita ni kuwaonea askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani. Jamaa walikuwa kama elfu moja dhidi ya watu 8,000 walioshushwa toka India, wengi wao mafunzo haba na wamechoshwa na meli, halafu Mjerumani alishapewa muda wa kuleta watu kwa treni toka Moshi. Hapo nyuki ni chumvi tu.

Aliyenielekeza kwa John Iliffe, A Modern History of Tanganyika ya 1979, asante sana mkuu, japo kitabu kizito kama tofali na Kiingereza chake sio cha kusoma kwenye mwendokasi umesimama.

Kilichonigusa zaidi ni wapagazi. Juzi nimepita pale sanamu ya Askari, Samora, Dar, ya kumbukumbu ya vita hiyo, bayoneti imeelekea bandarini, nikasoma maandishi kwa mara ya kwanza (miaka yote napita tu!), kumbe wapagazi nao wametajwa, tena kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Hao ndo walibeba vita yote kichwani, njaa na magonjwa yakawamaliza, na kwenye ubishi wetu hamna hata mmoja aliyewataja.

Mwenye andiko la Kiswahili kuhusu wapagazi anistue basi.